Hesabu za Aglaia

Jumapili ya mwisho wa mwezi wa kwanza, watu walipokwisha kutoka kanisani, Toader Movila alisukuma kando sahani yenye mabaki ya ugali na jibini, akapangusa meza ya jikoni kwa kiganja, akazimwaga risiti zake zote. Nyingine zilitoka kwenye mfuko wa koti la kazi, nyingine kwenye gari, chini ya kiti, nyingine ndani ya boksi la vipuri. Moja ilikuwa na grisi. Moja ilikuwa imefifia hata maandishi yake yakafanana na nyayo za ndege juu ya theluji. Alizilaza moja moja, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapiga.

Simu iliita kwa muda. Toader aliunyoosha ukosi wa shati. Hakujua kwa nini alifanya hivyo kila mara, maana kamera ilikuwa ikitazama meza, si yeye.

"Haya," ikasema sauti ya Aglaia. "Anza na za mafuta."

Salamu yao ilikuwa ndiyo hiyo. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Aglaia akiwa Italia, karibu na Brescia, akimtunza mzee wa watu kwa mshahara. Kabla ya hapo meza hii ilikuwa yake. Kampuni yao ndogo ya kufunga na kutengeneza boila za gesi iliitwa Aglato, jina lililookotwa kutoka majina yao wawili, kwa kuwa Mungu hakuwajalia mtoto wa kumpa jina. Toader na fundi wake Sandu walishika spana. Aglaia, aliyekuwa mhasibu wa kiwanda cha makopo hapo mjini kwao Tecuci mpaka kilipofungwa, alishika kalamu. Kisha likaja deni la gari la kazi, na deni likaishinda kalamu. "Mwaka mmoja tu," alisema siku ile alipopanda basi.

"Hii ya tarehe tisa haina namba ya kampuni," alisema sasa.

"Nilimwambia yule binti wa kituo cha mafuta."

"Ulimwambia kabla hajaipiga risiti, au baada?"

Toader aliigeuza risiti, kana kwamba jibu liko nyuma yake.

"Baada," Aglaia alijijibu mwenyewe. "Basi hayo mafuta ni yako, si ya kampuni. Weka kando."

"Lita arobaini, Aglaia."

"Hata zingekuwa mia. Weka kando. Nyingine."

Wakaendelea hivyo. Toader alikuwa mtu wa kuweka sikio kwenye boila iliyozimika na kukuambia pampu inaumwa wapi, lakini mbele ya karatasi hizi alikuwa kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Aglaia alisoma kutoka mbali, akamtajia pa kuandika, akamrudisha nyuma, akamwuliza ile ya vipuri vya shule iko wapi, naye akainama kuitafuta sakafuni. Alipoinuka, mkewe alikuwa amesogea kuchukua miwani, na nyuma yake pakaonekana vigae vyeupe. Toader alikumbuka ukuta wa kijani.

"Wamepaka rangi?"

"Nini?"

"Hapo nyuma yako. Ukuta."

Aglaia aligeuka kutazama, kana kwamba naye ndiyo kwanza anauona. "Nimekaa chumba kingine," alisema. "Soma hiyo ya valvu."

Toader akaisoma. Kisha akauliza, "Na mzee hajambo?"

"Mzee amepumzika," alisema Aglaia, akaweka miwani yake sawa. "Sikiliza. Ankara ya gesti ya Prelipceanu haijalipwa tangu Novemba. Nenda ukaidai. Tumeshaitoa, na serikali haiulizi kama umelipwa, inataka VAT yake tu. Na asikupe pesa mkononi. Zipite benki."

"Nitakwenda."

"Tarehe ishirini unipigie na taarifa ya benki. Ishirini na tano ni mwisho, usinipigie ishirini na nne unahema. Kuna kingine?"

Kulikuwa na kingine. Mti wa plamu karibu na lango ulikuwa umevunjika kwa uzito wa theluji, tawi lile kubwa ambalo Aglaia alizoea kuanikia mazulia. Toader alitaka kumwambia. Lakini walikuwa wakizungumza hesabu, na mti wa plamu haukuwa na risiti.

"Hakuna," alisema.

"Haya, kwaheri," alisema Aglaia, na kioo cha simu kikawa cheusi.

Prelipceanu alikuwa akinywa chai na wageni wake pale Toader alipoingia gesti Jumatano asubuhi, kofia mkononi.

"Fundi! Umekuja wakati mzuri," alisema bila kuinuka. "Chumba namba saba, bomba la joto linagonga usiku kucha kama lina jini. Hebu liangalie mara moja."

Toader alipanda ngazi, akalitoa hewa bomba lile, akapangusa maji yaliyomwagika kwa leso yake mwenyewe, akashuka. Prelipceanu alikuwa bado kwenye chai. Hakumwambia kaa. Toader alisimama karibu na meza, na mgeni mmoja, akidhani ni mtumishi, akamnyooshea kikombe kitupu. Toader alikipokea, akakitazama, kisha akakiweka mezani taratibu.

"Nimekuja kwa ile ankara," alisema.

"Ankara ipi tena?"

"Ya Novemba. Boila mpya na ufundi."

"Ah, hiyo!" Prelipceanu aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjwa. "Shika hizi. Ni nusu. Nyingine tutaona msimu ukichangamka. Tusiandikiane, sisi si wageni."

"Afadhali ipite benki."

"Kwani hizi zina homa?"

"Mke wangu kasema zipite benki."

Wageni wakacheka, Prelipceanu zaidi yao. "Mkeo yuko Italia, fundi! Ataona nini kutoka huko? Wangu nalala naye kitanda kimoja na hajui nina pesa ngapi."

"Wangu ataona," alisema Toader.

"Bado hajarudi, kumbe." Prelipceanu alitikisa kichwa, akatoa simu, akaanza kubofya kwa kidole kimoja. "Shemeji yangu naye alikwenda kwa miezi sita. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Ukimpigia anakuambia subiri, tambi zinaungua. Haya, nimekutumia nusu yako benki. Umeridhika?"

Toader alisema asante. Alilisema neno hilo mpaka mlangoni, na alipofika nje kwenye baridi alijichukia kwa kulisema.

Sandu alikuwa ndani ya gari, injini ikinguruma ili kupate joto. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mwenye watoto watatu na mdomo usiotulia.

"Ametoa?"

"Nusu."

"Mshahara wangu je?"

"Wako upo."

"Na wako, mzee?"

"Mimi nina jibini nyumbani."

Sandu alicheka, kisha akaacha kucheka. Akatia gia, wakaondoka. "Mzee," alisema, "kwa nini usimpelekee Bi Zamfira hizo karatasi? Yule mhasibu wa juu ya duka la dawa. Kinyozi anampelekea, fundi viatu anampelekea. Lei mia nne kwa mwezi, mtu unalala usingizi wako."

"Mimi ninaye mhasibu."

"Unaye, ndiyo, lakini yuko mbali."

Toader alitazama mbele. Mia nne zingepatikana, kwa kujibana. Lakini hesabu zikienda kwa Zamfira, yeye angepiga simu Italia kuuliza nini?

Basi dogo lililoleta watu na vifurushi kutoka Italia lilikuja Jumamosi, likasimama kama kawaida yake kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Watu walikuwa wamekwisha kulizunguka, kila mmoja akitafuta jina lake kwenye maboksi. Toader alikuwa ameleta ndoo ya kabichi ya chumvi na chupa mbili za mvinyo za kupeleka. Aliyeteremka na kifurushi chake hakuwa dereva, alikuwa Lenuta, mwanamke wa mtaa wa stesheni, ambaye naye alikuwa akitunza wazee kule kule kwa kina Aglaia na alikuja nyumbani kutengeneza meno.

"Shemeji Toader," alisema, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana. Kwa kweli yule mzee alimpenda Aglaia kama binti yake wa kumzaa. Mazishini nilikwenda, siku chache kabla ya Krismasi. Mvua hiyo! Watoto wake mwenyewe walikuwa wanatazama saa, anayelia ni Aglaia peke yake."

Toader alikuwa amekipokea kifurushi, na ghafla kikawa kizito.

"Ndiyo," alisema. "Alinieleza."

"Lakini ana bahati. Wiki haijaisha, kapata huyu bibi. Nyumba safi, vigae kila mahali. Bibi mwenyewe hana taabu, ila anasahau tu, leo atamwita Agla, kesho atamwita jina la dada yake."

"Ndiyo. Alinieleza."

Lenuta alimtazama usoni, na mikono yake ikamwachia polepole. Alikuwa mwanamke mwenye akili. "Kwa hiyo ulijua," alisema, si kwa kuuliza.

"Nilijua, nilijua. Nikupeleke nyumbani? Gari lipo pale."

"Kaka yangu anakuja."

Wakati wa Krismasi Aglaia alikuwa amemwambia hawezi kuja, hawezi kumwacha mzee peke yake sikukuu. Toader aliona ni haki. Jirani alimpelekea sahani ya kabichi iliyofungwa nyama, akaila mbele ya televisheni, na mpaka leo alikuwa akijihesabia kuwa ameila kwa ajili ya mzee mgonjwa asiyemjua. Kumbe mzee alikwisha kuwa kaburini. *Mzee amepumzika.* Wala hakuwa amedanganywa hapo, aliambiwa kweli tupu na akashindwa kuisikia.

Nyumbani alikifungua kifurushi. Kulikuwa na kahawa, mafuta ya zeituni, sabuni ya unga, soksi nene za kazi. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, Aglaia alikuwa ameweka mifuko ya plastiki ya kuhifadhia risiti, ili zisifutike maandishi.

Tarehe ishirini ikaja, hakupiga. Aliketi mezani mchana huo na taarifa ya benki, kalkuleta, na daftari ambalo ndani yake mkewe alikuwa amemwandikia hatua zote kabla ya safari: mauzo kwanza, kisha manunuzi, kisha benki, kisha mshahara na makato yake, kisha kodi. Aliandika, akafuta. Kila alipojumlisha, kilichokuwa daftarini na kilichokuwa benki vilikataa kulingana. Kesho yake akarudia, zikakataa tena. Sandu alimkuta hivyo alipopita kuchukua funguo za gari.

"Mzee, umekula?"

"Nimekula."

Sandu alilitazama jiko baridi, akachukua funguo, akaondoka. Baada ya muda akarudi na sufuria ya supu ya maharage kutoka kwa mkewe, akaiweka mezani bila kusema lolote, mbali na karatasi.

Aliyepiga simu alikuwa Aglaia. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo wazee hulala.

"Umekufa?" aliuliza.

"Mimi sijafa," alisema Toader. "Mzee ndiye kafa."

Simu ilikuwa imelala kifudifudi mezani. Hawakuonana, walisikia pumzi tu.

"Nani kakwambia?"

"Lenuta."

"Lenuta," Aglaia alisema, si kwa hasira. Kisha akauliza, "Taarifa ya benki unayo?"

"Ninayo."

"Isome. Tuna siku mbili."

Toader alitaka kuitupa simu ukutani. Badala yake aliisimamisha kwenye kopo la sukari, akavaa miwani, akasoma. Akasoma malipo ya shule, malipo ya ghorofa za mtaa wa reli, mshahara wa Sandu, gesi. Aglaia akasema ndiyo, ndiyo, endelea. Walipofika kwa Prelipceanu akamsimamisha.

"Hapo. Umeandika daftarini kalipa yote. Kalipa nusu."

"Nusu, ndiyo."

"Basi mbona umeandika yote?"

"Nilidhani ankara ikishaguswa..."

"Andika nusu, nyingine iache kwenye wanaodaiwa. Na makato ya benki umeyasahau, yale madogo pale chini. Jumlisha sasa."

Alijumlisha. Zikalingana mpaka senti ya mwisho. Katika siku nyingine angefurahi. Alijaza fomu kwenye kompyuta, kisanduku baada ya kisanduku, yeye akitaja na mkewe akithibitisha, za mshahara kwanza, za VAT mwisho.

"Tuma," alisema Aglaia.

"Imekwenda."

"Imeleta namba ya kupokelewa?"

"Imeleta."

"Basi hesabu za mwezi zimefungwa."

Hapo ndipo simu zao zilipozoea kukatika. Safari hii hakuna aliyekata.

"Ulikuwa uniambie lini?" aliuliza Toader.

"Kila siku nilisema kesho."

"Nilikula Krismasi peke yangu nikimwombea mzee wa watu apone."

"Najua. Na mimi niliila peke yangu, kwenye chumba cha kukodi, kwa sababu nilitolewa nyumba ya mzee na kwa huyu bibi nilikuwa sijaingia." Alivuta pumzi. "Ningekwambia, ungeuliza narudi lini."

"Ndiyo, ningeuliza. Si haki yangu?"

"Ni haki yako. Ila mimi sikuwa na jibu, na bado sina."

"Deni la gari limebaki kidogo."

"Toader, najua limebaki kiasi gani. Mimi ndiye ninayelilipa."

Nje theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa, vipande vipande.

"Kuna mtu?" aliuliza Toader, na akaona aibu kwa sauti yake mwenyewe.

Aglaia alicheka kicheko kifupi, kikavu. "Yupo bibi wa miaka themanini na sita. Hakuna mtu. Ingekuwa rahisi kama angekuwepo, ungenichukia tukamaliza." Kisha akasema polepole, "Mwaka wa tatu huu hujanipigia siku isiyo ya hesabu. Hata moja."

"Nilidhani unachoka."

"Nilikuwa nachoka. Ungepiga tu."

"Na wewe hukupiga."

"Na mimi sikupiga," alikubali. "Bibi ameamka. Kwaheri."

Bi Zamfira alikuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa, na dirisha lililojaa maua ya chunguni. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Toader alipandisha maboksi mawili ya hesabu, akayaweka sakafuni, akasimama.

"Kaa, Bwana Movila. Hapa watu hukaa."

Alikaa. Bi Zamfira alifungua daftari la mwaka mmoja, akageuza kurasa, akafungua la mwaka mwingine. Uso wake ulianza kubadilika, kama wa mpishi anayeonja chakula cha mpishi mwenzake.

"Nani kafanya hizi?"

"Mke wangu."

"Mkono safi. Huku mjini hawapo watatu wanaofanya hivi." Aligeuza ukurasa. "Alikuwa analipwa kiasi gani?"

"Ni mke wangu."

"Nimesikia ni mkeo. Nauliza alikuwa analipwa kiasi gani, maana sioni. Mshahara wa huyu Sandu nauona kila mwezi. Wako nauona miezi mingine, mingine hauonekani. Serikali naiona, benki naiona. Yeye simwoni popote."

Toader alizungusha kofia magotini. "Alikuwa nyumbani," alisema.

"Ndiyo," alisema Bi Zamfira. Akashusha miwani ya kichwani, akaandika bei kwenye kikaratasi na kumsogezea. "Huwa mia nne na hamsini. Lakini hizi zimepangwa vizuri, nitachukua mia nne."

Toader alikichukua kikaratasi. Akiwa anashuka ngazi alisimama katikati, akiwa ameshika ukuta, mpaka mteja wa duka la dawa akamwuliza kama anajisikia vibaya. Alisema hapana. Alikuwa akikumbuka mgongo wa Aglaia. Miaka yote hiyo, mwisho wa mwezi, yeye aliporudi kutoka kazini alikuwa akiukuta mgongo ule umeinama juu ya meza ile ile ya jikoni, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Chakula kiko wapi?"

Mwisho wa mwezi wa pili meza ilikuwa tupu. Sandu alikuwa amezipeleka risiti kwa Bi Zamfira ndani ya ile mifuko ya plastiki. Toader aliketi mahali pake palepale, akatazama simu. Alijaribu kutafuta swali. Alifikiria kuuliza habari ya kodi ya gari, ambayo aliijua. Saa ya wazee kulala ikapita nusu. Akapiga bila swali.

"Haya," alisema Aglaia. "Anza na za mafuta."

"Hakuna za mafuta. Nimempelekea Bi Zamfira zote."

"Zamfira wa juu ya duka la dawa?"

"Ndiye."

"Anachukua kiasi gani?"

"Mia nne kwa mwezi."

Aglaia alianza kucheka. Alicheka muda mrefu, na kicheko kile kilianza kama cha furaha, kikawa kitu kingine, kikarudi tena. "Mia nne," alisema alipopata pumzi. "Kila mwezi, kwa miaka kumi na tisa. Elfu tisini na moja na mia mbili, Toader."

Alikuwa ameipiga hesabu hiyo kichwani akicheka.

"Sina," alisema Toader.

"Najua huna. Nani alikuwa anafunga mwezi?"

Naye akacheka kidogo, kisha akashindwa kuendelea. "Aglaia," alisema, "mimi nilikuwa sioni."

Aglaia alisikika akisogeza kiti, akifungua maji. "Basi umenipigia kwa nini?" aliuliza baadaye.

Toader alilitafuta jibu. "Mti wa plamu umevunjika," alisema. "Ule wa langoni. Theluji."

"Wote?"

"Tawi la mazulia. Shina lipo."

"Lipake rangi pale lilipovunjika, lisije likaoza." Vyombo viligongana. "Naosha vyombo. Usikate. Ila usiniulize kitu."

"Siulizi."

Basi akaketi, simu sikioni, akisikiliza sahani zikioshwa katika nyumba asiyoijua. Sahani mbili, aliona kwa masikio, vikombe, kitu kizito kama sufuria. Kutoka mbali sauti ya kizee iliita, "Agla! Agla!" na Aglaia akaitikia kwa lugha ya kule, kwa sauti laini ambayo Toader hakuwa ameisikia kwa miaka mingi, akaenda. Nyayo zake zikapotea. Simu alikuwa ameiacha karibu na sinki.

Toader hakukata. Jikoni kule kulikuwa kimya, na ndani ya kimya kile palikuwa na tone. Likadondoka, likasubiri, likadondoka. Alilisikiliza kama anavyosikiliza boila.

Nyayo zikarudi. "Bado upo?"

"Nipo. Bomba lako linavuja."

"Najua. Tangu nije."

"Ni kipira cha ndani kimekwisha. Kitu kidogo hicho, mtu akiwepo anakibadilisha mara moja."

"Huku mafundi wapo, Toader."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyotaja jambo ambalo liko hivyo.

"Najua wapo," alisema.

Kwa muda palisikika tone peke yake. Kisha mlango wa kabati ukalia, ndoo ikasogezwa, na sauti ya Aglaia ikaja kutoka chini, imebanwa kama ya mtu aliyepiga magoti.

"Haya, nimeinama. Kuna koki mbili huku. Nifunge ipi?"

Toader hakuwa ameiona nyumba ile, na moyoni alikwisha kujua hataiona. Alifumba macho ili aione vizuri.

"Weka mkono kwenye tone," alisema. "Ni la moto au la baridi?"

"La moto."

"Basi ni ya kushoto. Igeuze polepole."